Ndoo ya Udongo Nyuma ya Mlango

Nyuma ya mlango wa bafu, katika fleti ya ghorofa ya tatu pale Carrollton, pembeni mwa Dallas, ilikaa ndoo ya udongo. Mwinshehe aliambiwa na mkewe, Kudra, kwamba ule ni udongo wa kupandia mchicha. Akaamini. Mwinshehe ni mtu wa kuamini; ukimwambia lile basi la hoteli analoendesha kupeleka wageni uwanja wa ndege limeota mkia, atashuka akaangalie. Kila joto lilipoanza aliuliza, "Mama Zamda, huo mchicha unaota lini? Au na wenyewe unasubiri viza?" Kudra alicheka kidogo, akaingia bafuni na kufunga mlango.

Humo ndani alinawa. Mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama alivyofundishwa madrasa kule Tanga kwamba ndivyo anavyojitoharisha aliyepatwa na mate ya mbwa. Miaka mitatu, siku tano kwa wiki. Maana ile "kazi ya maabara" ambayo Mwinshehe aliitangaza kuanzia msikitini hadi kwa kinyozi ilikuwa ni kulisha mbwa mia mbili na ishirini na kusafisha vizimba vyao. Uongo wenyewe si mkubwa, Kudra alijiambia. Mbwa wale walizalishwa ili wauzwe kwenye maabara. Yeye alichoacha kutaja ni mbwa tu.

Wafanyakazi walipaita mahali pale Shamba. Ni mwendo wa saa nzima kusini mwa Dallas, mabanda marefu manne yasiyo na madirisha, nyasi zimekatwa vizuri kuliko za kanisa. Sheria ya Shamba ilikuwa glavu muda wote. Kudra, kwa sababu zake mwenyewe, alivaa jozi mbili, moja juu ya nyingine, na hata hivyo akirudi nyumbani alinawa, kwa tahadhari. Kwa hiyo katika miaka yote mitatu hakuna mbwa aliyeguswa na ngozi ya mkono wake. Wala ya mkono wa mtu mwingine yeyote. Walizaliwa kwenye glavu, wakalishwa kwa glavu, wakapakiwa kwenye gari kwa glavu.

Mmoja tu hakupakiwa. Huyo alikuwa jike la kuzalia, mdogo, masikio marefu kama mtu aliyejitanda, na ndani ya sikio la kushoto amechorwa kwa wino namba 318. Alikuwa na miaka kumi, ameshazaa mara saba, na watoto wote wamekwenda. Kudra alimwita Somo, kama wanawake wa kwao wanavyomwita yule shoga wa kumwambia yote. Na kweli alimwambia yote. Akisukuma sahani ya chakula chini ya wavu, alimletea habari za Waswahili wenzake wa Dallas: "Somo, leo kuna habari. Bi Mwanakombo kanunua kabati la vyombo kubwa hata mlango haufunguki, sasa wageni wanaingilia jikoni." Somo alinusa mpira wa glavu, akatikisa mkia mara mbili, akala. Hakula kabla ya habari.

* * *

Alhamisi moja ya Oktoba 2019 msimamizi wao, Natalia, aliwakusanya kwenye chumba cha kubadilishia nguo akiwa na karatasi mkononi. Natalia alikuwa mwanamke mnene mwenye huruma aliyejitahidi sana kuificha. Akasoma bila kuinua macho: wenye Shamba wameamua kuacha kuzalisha mbwa. Mwisho wa Novemba mabanda yanafungwa. Mbwa waliobaki watapewa watu wa kuwafuga majumbani. Wafanyakazi watalipwa wiki mbili za ziada.

Florent, Mkongo wa banda la pili, akapiga makofi polepole.

"Mbwa wanapata famille," akamwambia Kudra kwa Kiswahili, "siye tunapata lettre, karatasi tu. Dada, hebu na miye unichore namba mu sikio, labda kuna mama mzungu atanipenda."

Kudra akacheka. Alijua waliosababisha. Miaka kumi na miwili watu wale wa kutetea wanyama walisimama nje ya geti kila Alhamisi, ng'ambo ya barabara, wakati mwingine ishirini, wakati mwingine watatu na mwavuli. Hawakupiga kelele, hawakutukana mtu, wala hawakugusa gari la mfanyakazi. Kila mmoja alivaa shingoni kibao cha mbao chenye namba ya mbwa mmoja, namba walizopata kwenye ripoti za ukaguzi, akasimama nacho. Agosti, jua likichemsha lami, waliweka maji ya barafu kando ya geti na kibao: *Ni ya wafanyakazi.* Shamba likakataza watu kuyanywa. Florent aliyanywa.

Wafanyakazi waliwacheka, na Kudra naye alicheka. Watu hawana kazi, wanavaa mbao. Lakini mwaka mmoja chuo kimoja kikaacha kununua mbwa. Mwaka uliofuata vikawa viwili. Wabebaji wa mizigo ya ndege wakakataa kuwapakia. Maabara moja ya Houston ikakubali kwamba mbwa waliomaliza kutumika wapewe watu badala ya kuuawa, na siku ile wale wa barabarani hawakushangilia, waliweka tu kibao kimoja chini kwenye nyasi na maua juu yake. Mteja akitoka, mwingine haingii. Banda la nne likawa ghala la majani makavu. Na leo karatasi.

Natalia alikuwa na karatasi ya pili. Orodha. Kudra akaisoma juu ya bega lake mpaka akaifikia 318, na mbele yake herufi moja iliyozungushiwa duara.

"Hii ni nini?"

"Moyo wake umevimba. Shirika linalowatafutia nyumba limesema hawana mtu wa kuchukua mzee mgonjwa." Natalia akaikunja karatasi. "Asipopatikana wa kusaini mpaka Ijumaa ijayo, daktari atamlaza."

"Atamlaza mpaka lini?"

Natalia akamtazama. Kudra akaelewa kwamba hakuna kuamka, na akajiona mjinga kwa kuuliza.

"Wewe mchukue," Natalia akasema. "Anakupenda wewe tu."

"Siwezi."

"Mkataba wa nyumba unakataza?"

"Na huo pia," Kudra akasema.

* * *

Usiku na mchana wa wiki ile Kudra aliishi na jambo moja ambalo hakuwahi kumwambia hata Somo. Miongoni mwa wale wa barabarani alikuwepo mwanamke mweusi wa makamo, mrefu, kofia ya majani, raba nyeupe za manesi. Siku ya kwanza Kudra alipopita na gari, mwanamke yule aliona kibandiko cha bendera ya Tanzania kwenye kioo, akapunga mkono na kusema, "Habari ya asubuhi, mum!" Kikenya kabisa. Kudra akapandisha kioo. Na tangu siku ile, kila Alhamisi alisalimiwa, na kila Alhamisi alipandisha kioo, kwa sababu shingoni mwa mwanamke yule kilining'inia kibao kilichoandikwa 318.

Miaka mitatu alimwona mtu amembeba Somo kifuani bila kujua kama yu hai. Na yeye anajua, ametoka kumlisha, anapandisha kioo.

Alhamisi iliyofuata, siku moja kabla ya daktari, barabara ilikuwa imejaa. Habari zilikuwa zimetoka. Gari la televisheni limepanda juu ya nyasi, mtangazaji anajipaka poda. Wale watu wa vibao hawakucheza wala kuimba. Wengine walikuwa wanalia, wazee wamekumbatiana. Kudra akaegesha gari ndani ya geti. Akatoka akiwa na sare ya Shamba na mtandio wake wa kijani, akavuka barabara kwa miguu. Hakuna mfanyakazi aliyewahi kuvuka barabara ile. Kamera ikageuka.

"Mama," akasema, na sauti ikamtoka ndogo. "Shikamoo."

"Ai! Marahaba. Leo umeshusha kioo?" Mwanamke alitabasamu. "Mimi naitwa Jedidah. Lakini niite tu Mama Nyaga."

"Huyo unayemvaa yuko hai."

Jedidah akashika kibao chake kwa mikono miwili. "Nani?"

"Huyo. Mia tatu kumi na nane. Yuko banda la kwanza, mlangoni. Kesho wanamlaza. Ni mgonjwa, hakuna anayemtaka." Kisha, kwa sababu alikuwa ameanza na haikuwepo njia ya kuishia hapo, "Nilikuwa najua siku zote. Nisamehe."

Mtu aliyezoea kusimama kimya Alhamisi mia kadhaa hana haraka. Jedidah alifuta macho kwa ncha ya fulana.

"Nilidhani navaa marehemu," akasema. "Miaka sita, mum. Naendesha gari masaa manne kutoka Missouri City, Houston huko, nasimama hapa, nadhani navaa tu marehemu." Akapumua. "Hiyo karatasi ya kusaini iko wapi?"

Ilisainiwa juu ya boneti ya gari la Natalia, na Natalia aliangalia pembeni kana kwamba hayupo. Lakini Somo hakutaka kutoka. Alivutwa kwa kamba hadi mwisho wa saruji, akaona nyasi, akalala chini akitetemeka. Hakuwahi kukanyaga nyasi. Jedidah akachuchumaa na kumnyooshea mkono mtupu, "Kuja, mami, kuja," na Somo akarudi nyuma mpaka kamba ikamkaba.

"Ngoja," Kudra akasema. Akaweka vizuri glavu zake, jozi mbili, akainama, akambeba.

Alikuwa mwepesi kuliko mfuko wa unga. Kudra alitoka naye getini, akavuka barabara, huku watu wale wakishusha vibao vyao shingoni kimoja kimoja, kimya kimya. Na katikati ya barabara, mbele ya kamera, Somo alichomeka pua ndani ya mtandio wa kijani, chini ya shingo, akajificha humo.

* * *

"Mom, you're on TV," Zamda akasema jioni ile. Binti yao huyo alikuwa na miaka tisa, na Kiswahili alikiweka kwa ajili ya simu za bibi yake tu. "You're holding a dog. Mom, that's so cute."

Mwinshehe alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini. Video tayari ilikuwa imefika kwenye grupu la Watanzania wa Dallas, na la Houston, na kwa namna ambayo hakuna ajuaye, na la Tanga. Chini yake mtu ameandika: *Huyu si shemeji yetu wa maabara?* Na mwingine ameweka vikaragosi vya mbwa, vinne, kwa mstari.

Aliitazama mara mbili. Kisha akainuka, akaenda bafuni, akasogeza mlango, akasimama mbele ya ndoo. Kudra alimsubiri apige kelele. Kelele angezimudu.

"Kwa hiyo," Mwinshehe akasema, "mchicha hakuna."

Akarudi mezani, akamaliza wali wake wote, kwa sababu wali hautupwi, na tangu usiku ule hakutania tena. Nyumba isiyotaniwa na Mwinshehe ilikuwa kama redio iliyotolewa betri. Alisema "asante," alisema "nimefika," alisema "Zamda kalala?" Kwenye basi la hoteli, dereva mwenzake Ambilikile alimbwekea kidogo, kwa utani, na ilimbidi aende kumwomba msamaha kwa soda, maana Mwinshehe alikuwa ameegesha basi pembeni, lina wageni ndani, akakaa tu.

Kazi iliisha Novemba. Kudra akapata nyingine ya kuosha wazee, zamu za jioni, malipo pungufu. Hilo halikumuuma. Kilichomuuma kilikuja Disemba, siku ya akika, karamu ya kumkaribisha mjukuu mchanga wa Bi Mwanakombo.

Hakuna shughuli ya Waswahili kuanzia Carrollton mpaka Arlington iliyowahi kufanyika bila pilau ya Kudra. Watu waliisifu mpaka mbele ya wake zao, jambo la hatari. Safari hii simu haikuja. Alipopiga yeye, Bi Mwanakombo akasema kwa sauti tamu, "Mwanangu, mwaka huu tumesema tusikuchoshe. Tumeagiza kwa Wahindi."

"Basi nije na kachumbari."

"Wahindi wanakuja nayo."

Alikwenda hivyo hivyo, kwa sababu kutokwenda ni kukubali. Alibeba sinia la Bi Mwanakombo aliloliazima tangu Idi, ameling'arisha, na juu yake vitumbua hamsini. Vitumbua vikawekwa mwisho wa meza. Akakaa akivitazama. Wanawake walipita, wakachukua sambusa, wakachukua tende, mikono ikafika kwenye vitumbua na kukumbuka jambo. "Nimeshiba, shoga." "Sukari yangu imepanda." "Nitafungasha baadaye." Saa mbili baadaye vilikuwa hamsini. Arobaini na tisa, maana Zamda alikula kimoja.

Alijua hapo pana jambo ambalo angeweza kulisema: kwamba alikuwa ananawa. Kwamba amenawa mara nyingi kuliko wote waliomo sebuleni wakiwekwa pamoja. Lakini utalitangazaje hilo, usimame juu ya kiti?

Wiki iliyofuata alipita kwa Bi Mwanakombo kurudisha kanga ya mtoto. Kwenye kibaraza, kando ya mlango wa jikoni ambao sasa ndio wageni wanaopitia, akaliona lile sinia. Limelazwa ndani ya beseni. Juu yake yamebaki matope ya udongo mweusi wa duka la bustani, bado mfuko upo pembeni umefunguliwa, na maji yanachuruzika.

Bi Mwanakombo akatoka na kopo mkononi. Wakatazamana. Mama wa watu aliona haya mpaka shingo ikamlegea.

"Mwanangu, usinielewe vibaya. Tahadhari tu."

"Najua, Bi."

"Si kwamba wewe—"

"Najua. Ya kwanza ya udongo," Kudra akasema. "Umefika ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Bado nne," akasema Kudra, akaweka kanga juu ya kiti, akashuka ngazi. Ndani ya gari alikaa bila kuwasha. Kilichomliza si kwamba wamemdhania uchafu. Ni kwamba walikuwa wananawa kwa ajili ya mbwa ambaye yeye hakuwahi kumgusa kwa mkono mtupu.

Mwinshehe alimkuta analia jikoni, akamsikiliza yote, glavu na kunawa, sinia na vitumbua. Ijumaa hiyo alichelewa kutoka msikitini.

* * *

Simu ya Jedidah ilikuja mwisho wa Januari. Kudra aliweka spika kwa kuwa alikuwa anakunja nguo.

"Kudra, si ukuje. Huyu mtoto wetu amekataa kukula. Siku ya tano leo. Nimejaribu kuku, nimejaribu maini, nimejaribu hadi ugali, aki."

"Daktari anasemaje?"

"Moyo unachoka. Anasema ni siku chache, labda chini ya hapo. Mimi nimekuwa nesi miaka thelathini, najua kuachilia mtu. Lakini huyu... Miezi mitatu kwangu, Kudra. Ana kitanda, ana blanketi, nyasi amezoea, analala kwa jua. Mkono wangu hataki. Nikinyoosha mkono anajikunja. Nimemvaa shingoni miaka sita, na hajaniruhusu nimshike hata sikio. Tulishinda. Mbwa mia mbili na ishirini, wote wako majumbani. Na wangu anakufa kama bado yuko kule ndani."

"Nakuja," Kudra akasema. "Kesho napanda basi."

"Basi la Houston linanuka," ikasema sauti mlangoni. Mwinshehe, na funguo za gari mkononi. "Nitakupeleka."

Waliondoka baada ya swala ya alfajiri, wakamwacha Zamda kwa jirani. Barabara kuu ya kwenda Houston ni ndefu na imenyooka. Inamfaa mtu asiyejua aanzie wapi. Walipita Corsicana, wakapita Huntsville. Ndipo Mwinshehe akakohoa.

"Nilimuuliza sheikh."

"Ukamuuliza nini?"

"Yote. Miaka mitatu, glavu, kunawa, mtandio. Nilidhani atanipa pole." Akabadili njia, akapisha lori. "Akaniuliza, 'Alikuwa ananawa?' Nikasema ndiyo, kila siku. Akasema, 'Basi mwenye tatizo ni nani?' Msikiti mzima unanisikia, nikaanza kutafuta viatu vyangu."

Kudra akageukia dirishani ili asionekane.

"Ungeniambia," Mwinshehe akasema. "Nisingepiga yowe. Ningeuliza maswali ya kijinga, lakini nisingepiga yowe."

* * *

Somo alilala kwenye blanketi la bluu, sebuleni kwa Jedidah, kwenye mraba wa jua. Mbavu zilihesabika. Kudra alipoingia mkia ulisogea, mara moja tu, kama mtu anayeitikia salamu akiwa usingizini.

Akatoa glavu mfukoni, akazivaa, jozi mbili. Mpira uliposogea, pua ya Somo ikaamka. Akanusa. Kudra akachukua kijiko cha kuku aliyechambuliwa, akakiweka kwenye kiganja cha glavu.

"Somo, kuna habari," akasema. "Bi Mwanakombo kanisafishia sinia. Ungeliona. Linang'aa hata mtu anaweza kujipakia wanja."

Somo akala. Matonge matatu. Jedidah akaweka mkono mdomoni. Mwinshehe, aliyekuwa amesimama mlangoni hajui avue viatu au asivue, akajisahau akasema, "Haya, huyo!"

La nne hakulichukua. Kichwa kikashuka. Pumzi ikaanza kuja kwa vipande, na Jedidah, ambaye masikio yake yalijua pumzi za aina hiyo, akapiga magoti upande wa pili bila kumgusa.

"Si mbali sasa," akasema polepole.

Kudra akatazama mikono yake. Ya njano juu, nyeupe chini. Akavua ile ya njano. Akavua ile nyeupe. Vidole vilitoka vimekunjamana, kama vya mtu aliyekaa sana majini. Akaunyoosha mkono wa kulia, mtupu, mbele ya pua.

Somo alijivuta nyuma. Alitetemeka ngozi nzima, macho yamebaki meupe. Kudra hakuusogeza mkono, wala hakuurudisha.

"Ni mimi," akasema. "Ndivyo mkono wangu ulivyo, sikukuonyesha tu. Nikwambie jingine? Vitumbua vilibaki arobaini na tisa. Nilivila wiki nzima, asubuhi na jioni, mpaka Baba Zamda akaniuliza kama nimefungua hoteli. Hakuniuliza, nasingizia. Siku zile alikuwa haniulizi kitu. Leo kaniuliza, Somo. Kaongea kuanzia Huntsville mpaka hapa, sasa natamani anyamaze."

Mlangoni Mwinshehe alifuta pua kwa mkono wa shati.

Sauti ile Somo aliijua. Aliifuata polepole, kichwa chini, mpaka ikamfikisha kwenye vidole. Akanusa kidole kimoja, kisha kingine. Pua ilikuwa baridi na mbichi. Halafu, kama mtu anayetua mzigo, akalaza kidevu chote kwenye kiganja cha Kudra, na uzito wake ukawa wote humo.

"Mguse," Kudra akamwambia Jedidah. "Sasa hivi. Sikio."

Jedidah akalishika sikio la kushoto, lile la wino, kati ya vidole viwili. Halikuvutwa.

Walikaa hivyo. Jua likasogea kutoka kwenye blanketi likaenda ukutani. Ilipokaribia alasiri kiganja cha Kudra kilizidi kuwa kizito, na ndivyo alivyojua.

* * *

Walimzika nyuma ya nyumba, chini ya uzio. Jedidah alikwenda ndani, akarudi na kile kibao cha mbao, akakilaza juu ya kaburi kifudifudi, namba ikatazama chini. Kisha akawaacha, akaingia kuchemsha chai.

Kudra alibaki amesimama, mkono wa kulia ameutenga na mwili, kama mtu aliyeshika kitu kibichi. Kwenye kiganja mate yalikuwa yamekauka, na nywele mbili nyeupe zimegandia.

Akasikia buti la gari likifunguliwa. Mwinshehe akazunguka nyumba akija polepole, bega moja limeinama. Mkono mmoja ameshika dumu la maji na kopo la bafuni. Mkono wa pili ndoo ya udongo.

"Umetoka na ndoo Carrollton?" Kudra akauliza. "Houston hakuna udongo?"

"Huu umekuzoea," Mwinshehe akasema.

Akachota kidogo, akautia kiganjani mwa mkewe, akamiminia maji. Kudra akasugua. Udongo ukateremka mweusi kwenye nyasi, na zile nywele mbili nazo.

"Moja," akasema Mwinshehe, taratibu, kama anayemhesabia mtoto. "Mbili." Maji yalikuwa ya baridi. "Tatu. Nne."

Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kunawa kwa ajili ya mbwa aliyemgusa kweli. Kiganja kilikuwa kinarudi kuwa kiganja tu. Ule uzito ulikuwa unaondoka na maji, kidogo kidogo, na kila hesabu ilichukua chake.

"Tano. Sita."

"Subiri kwanza," Kudra akasema.

Mwinshehe, mtu wa maswali, hakuuliza. Alisimama na kopo limeinama nusu, maji yamefika ukingoni, hayajamwagika. Akasubiri.